Jiko la Juu Lisilowahi Kuwashwa

"Ondoa bomba lako dirishani kwangu, Stan Wargo, kabla sijalikata kwa kisu cha kabichi!"

"Likate! Ukilikata umeharibu mali ya mtu, na mashahidi ninao."

"Mashahidi gani? Huyo mbwa wako?"

Mbwa wa Wargo aliposikia anatajwa akakaa chini, akamtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu aliyelipa kiingilio. Dolores Hrinko na Stan Wargo walikuwa wamesimama uani, kila mmoja upande wake wa uzio, theluji ya mwisho ya Machi ikiyeyuka chini ya viatu vyao. Nyumba zao zilikuwa pacha, kama nyumba zote za Mtaa wa Pine mjini Marrick: paa moja, msingi mmoja, ukuta mmoja katikati. Ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule. Kwa hiyo ugomvi wao haukuhitaji kupigiwa kelele, lakini walipiga kelele hivyo hivyo, maana mapazia ya jirani yalikuwa yameshaanza kucheza na haikuwa vizuri kuwanyima watu.

Lenyewe hilo bomba lilikuwa mpira mweupe wa kukunjika, ule wa mashine ya kukaushia nguo. Lilitoka kwenye kidirisha cha chini cha Wargo, likavishwa utepe wa gundi kama mguu uliovunjika, likaja kuishia karibu kabisa na dirisha la Dolores. Ndani feni ilinguruma kutwa kucha.

"Unanipulizia radoni, hiyo gesi yako ya sumu," Dolores alisema.

"Radoni si yangu, ni ya ardhi! Nimepima nimekutwa na kumi na tisa. Jimbo linasema ukifika nne, tengeneza. Nimetengeneza."

"Mimi nimepima nimepata mbili. Nyumba yangu safi! Sasa wewe unazoa uchafu wako unakuja kuumwaga dirishani kwangu, na Jumapili mjukuu wangu anabatizwa!"

Wargo alicheka mpaka kofia ikamsogea. "Mbili! Msingi wetu mmoja, Dolores, jiwe letu moja. Radoni ikifika kwenye ukuta wako inafanya nini, inageuza ikiona sura yako?"

Mapazia ya jirani yakatikisika kwa kicheko. Dolores akahisi masikio yanamwaka moto.

"Nawapigia watu wa jimbo."

"Wapigie! Wasalimie!"

Akawapigia kweli. Mwanamke aliyepokea simu huko kwenye ofisi ya mionzi ya jimbo alimsikiliza kwa heshima zote, akauliza bomba limepita wapi, nani kalifunga, akasema mkaguzi atakuja Jumatano. Dolores akaweka simu chini kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Serikali nzima ya Pennsylvania ilikuwa inakuja kumgombeza Stan Wargo.

Kilichomtia wasiwasi kidogo, kidogo tu, ni ile namba mbili.

Maana shughuli yote ya Jumapili ilining'inia kwenye namba ile kama nguo kwenye kibanio. Renee, mke wa mwanawe Greg, alikuwa muuguzi, na muuguzi humwambii "haya mambo tumeishi nayo." Tangu mtoto Lukas azaliwe, Renee alikuwa amesema kwa upole lakini bila kupepesa: radoni haina rangi wala harufu, inapanda kutoka kwenye mawe, inajikusanya vyumba vya chini, na mtu akiivuta miaka na miaka mionzi yake inakula mapafu. Mtaa wa Pine wote umejengwa juu ya mawe hayo. "Mama, nipe namba ya nyumba yako, ndipo tufanye karamu ya ubatizo kwako. Vinginevyo tutakodi ukumbi wa wazima moto."

Ukumbi wa wazima moto! Mjukuu wa kwanza wa Hrinko ale chakula cha ubatizo chini ya picha ya gari la zimamoto! Renee akaleta kikopo cha kupimia, Dolores akakiweka, kikapelekwa maabara, namba ikarudi: mbili. Karamu ikawa kwake. Kabichi zikanunuliwa.

*

Mkaguzi alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, jina lake Yesenia Batista, mzaliwa wa Hazleton, mwenye sanduku jeusi la plastiki na buti zilizoonja matope. Dolores alimngoja barazani amevaa hereni.

"Karibu, mwanangu. Mhalifu anaishi hapo."

Yesenia alianzia kwa Wargo. Dolores akaenda jikoni kwake kupangusa dirisha ambalo halikuwa na vumbi, akasikia kila neno.

"Hili kakufungia nani, bwana?"

"Shemeji yangu. Ana mikono ya dhahabu."

"Ana leseni ya jimbo?"

"Ya kuvua samaki anayo."

"Bwana Wargo, anayelipwa kufunga mitambo ya radoni lazima awe na leseni yetu."

"Nani kasema kalipwa? Nilimpa kreti ya bia na soseji."

"Na bia ni nini kama si malipo?"

Wargo alivua kofia, akajikuna kichwa. Yesenia akaendelea taratibu, bila kumdhalilisha: kuna kazi ya kufanya mwenyewe na kuna isiyo ya kufanya. Bomba lazima lipande mpaka juu ya paa, mbali na dirisha la mtu yeyote. Hili hapa linaitoa gesi chumbani na kuiacha izurure uani. Lizimwe leo, na orodha ya mafundi wenye leseni atamwachia. Kazi ikiisha, jimbo linaweza kuja kuikagua.

Dolores alikuwa anacheza dansi na kitambaa cha kupangusia. Bado kidogo aimbe. Ndipo akasikia hodi mlangoni kwake.

"Mama, nimeambiwa na wewe ulipima."

"Mbili!" alisema Dolores, na karatasi ya maabara tayari mkononi. Alikuwa ameibandika kwenye friji kama cheti cha shule.

Yesenia akaisoma. Akautazama ukuta wa katikati. Akaitazama tena karatasi. "Jirani ana kumi na tisa, wewe mbili. Kikopo ulikiweka wapi?"

"Jikoni. Si mnasema mahali watu wanapokaa?"

"Naweza kuliona hilo jiko?"

Lilikuwa jiko zuri, hakuna ubishi. Kabati za rangi ya asali, jiko la umeme linalong'aa kama gari la harusi, meza iliyofunikwa plastiki ngumu juu ya kitambaa cha lesi. Marehemu mumewe, Andrew, alilinunulia kila kitu mwaka Greg alipomaliza shule. Yesenia akalizunguka polepole. Kutoka chini ya sakafu redio ilikuwa inapiga polka. Harufu ya kitunguu na siagi ilikuwa inapanda ngazi kama mgeni asiyejua aibu.

"Naomba maji ya kunywa, Mama."

Dolores akafungua kabati, akatoa glasi, akaijaza, akampa. Yesenia akaipokea, akaigeuza, akaona kitako chake. Stika ya bei ya dukani ilikuwa bado pale, imepauka.

Hakucheka. Hilo Dolores alikuja kulisimulia baadaye kwa kila mtu: binti wa watu hakucheka.

"Kwa mama yangu," Yesenia alisema, "kuna kochi limevaa plastiki tangu niko darasa la kwanza. Zuri sana. Hajawahi kulikalia mtu ila padri. Sisi tunakaa kwenye ngazi za nyuma." Akanywa maji. "Mama, mnapikia wapi?"

Dolores alishika ukingo wa jiko lake la umeme. Angesemaje? Kwamba serikali inakuja kupima nyumba, halafu uipeleke shimoni ikaone mnavyoishi chini kama fuko? Alipokisoma kile kikaratasi cha maelekezo ya kikopo, kilichosema kikopo kiwekwe chumba cha chini kabisa ambamo familia hukaa, alikuwa amejiambia kwamba wanazungumzia watu wa aina nyingine. Wenye nyumba nzuri wana jiko juu. Na yeye jiko la juu analo.

"Chini!" Sauti ya Wargo iliingia kupitia ukutani, safi kama amesimama mezani. "Anapikia chini! Anakula chini, anafulia chini, anasengenya chini! Marrick nzima inajua!"

"Ziba mdomo, Stan!"

"Nyani haoni kundule!"

*

Jiko la chini ndilo lililokuwa nyumba yenyewe. Lilikuwa na jiko kuukuu la gesi lenye miguu, meza ndefu iliyokatwakatwa visu, viti vya kila ukoo, kalenda za nyumba ya mazishi, na mitungi ya nyanya mpaka darini. Watu waliingia kwa mlango wa uani bila kubisha. Ule wa mbele ulifunguliwa kwa padri, kwa jeneza, na wiki ile kwa serikali. Kila Ijumaa kwa miaka mingi Wargo, ambaye hakuwahi kuoa na kupika kwake kuliishia kwenye mkate wa kuchoma, alikaa kiti cha karibu na friji akala alichopewa na kukitukana. Tangu bomba lije, kiti kilikuwa kitupu. Dolores alikuwa ameweka ndoo ya viazi juu yake ili asikione.

Yesenia alitembea akitazama sakafu. Kulikuwa na ufa kutoka ukutani mpaka katikati, na pembeni, karibu na jiko ambako pana joto, shimo la kutolea maji lililofunikwa ubao. Juu ya ubao ule Dolores alikuwa ameweka kitanda kidogo cha mtoto cha kutikisa, kile kile cha Greg, kimetandikwa shuka jipya lenye mabata.

"Hiki cha nani?"

"Cha Lukas. Nimemwekea hapo pasipo na baridi."

Yesenia alichuchumaa, akaweka kiganja karibu na ukingo wa ubao, akahisi hewa ya ardhini ikipanda. Kisha akakiinua kitanda kwa mikono miwili, kwa heshima kama kina mtoto ndani, akakipeleka upande wa ngazi.

Dolores akakaa. Hakuwa amekaa mchana tangu Jumatatu.

"Andrew alikohoa miaka sita," alisema. "Mtaa mzima ukasema ni makaa ya mawe ya mgodini."

"Makaa yanatosha kabisa, Mama. Mimi hapa siwezi kukuambia zaidi ya hapo, na anayesema anaweza, usimwamini." Yesenia akavuta kiti. "Ninachoweza kukuambia ni hiki. Hii gesi haiui mtu leo wala kesho. Ni ya miaka. Na dawa yake ipo: bomba linapita chini ya sakafu, feni inainyonya, inatupwa juu ya paa. Namba inashuka. Nimeona nyumba mbaya kuliko hii na sasa watoto wanacheza chini humo."

"Ninyi kazi yenu ndiyo hii tu? Kuzunguka mkinusa mashimo ya watu?"

"Tuna mengi. Hata mashine ya picha ya daktari wako wa meno tunaikagua."

"Basi mkague na bei zake!"

Hapo ndipo Yesenia alipocheka, kicheko cha mtu wa Hazleton, na upande wa pili wa ukuta Wargo akacheka pia kisha akajifanya kukohoa.

Mkaguzi akaacha kisanduku chenye kidirisha cha namba juu ya meza ya chini. Madirisha yafungwe, feni ya Wargo izimwe, siku mbili asikisogeze mtu.

Siku mbili! Na kabichi za karamu zinachemka! Dolores alisokota nyama na wali ndani ya majani ya kabichi, holupki za Kislovakia, huku madirisha yamefungwa kama benki, jasho likimtiririka, harufu ikiwa nzito ya kukatwa kwa kisu. Alhamisi uzalendo ulimshinda, akaunyoosha mkono kwenye komeo la dirisha.

"Usithubutu!" ukuta ulisema.

"Unanichungulia?"

"Nakusikia. Komeo lako linalia tangu enzi za Andrew." Kule ng'ambo pua ikavuta hewa. "Unapika holupki?"

"Hazikuhusu."

"Sijauliza zinanihusu. Nimeuliza kama unapika." Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mbwa wake: "Nimemwuliza fundi mmoja wa ile orodha, mwenye leseni. Anasema nyumba pacha hazitengenezwi nusu. Ukinyonya upande mmoja tu, mwingine unabaki unacheka. Anataka kufunga bomba moja la nyumba zote mbili. Inakuwa nafuu kwa kila mtu, na Jumanne ana nafasi."

Dolores akaiondoa ndoo ya viazi juu ya kiti.

*

Ijumaa kisanduku kikasoma ishirini na moja.

Aliitazama namba ile mpaka maji ya mapirohi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, yakachemka yakamwagika. Angeweza kunyamaza. Karatasi ya mbili ilikuwa bado kwenye friji, Renee alikuwa ameiona na kuridhika, Jumapili watu wangekula, wangeondoka, fundi angekuja Jumanne, mambo yangekwisha kimya kimya. Akapanda juu. Akakiona kitanda cha Lukas kimekaa peke yake sebuleni pale mkaguzi alipokiacha, na shuka lake la mabata. Akachukua simu.

"Renee, mwanangu. Karamu haiwezi kuwa kwangu."

"Mama? Kuna nini?"

"Nilikudanganya. Yaani sikukudanganya, nilikidanganya kikopo. Nilikiweka jiko la juu."

"Jiko la juu? Lile la... la maonyesho?"

"Hilo hilo. Chini ni ishirini na moja. Kumshinda hata Stan."

Upande wa pili Renee alishusha pumzi, na Dolores akafumba macho, akauona ukumbi wa wazima moto, sahani za karatasi, gari jekundu ukutani.

"Kwa nini hukukiweka chini mnakoishi, Mama?"

"Niliona aibu. Wewe ni mtu wa mjini, kwenu mna meza za kioo."

"Aibu?" Sauti ya Renee ikapanda. "Mimi nilikujaje kumpenda huyu mwanao? Si kwa sura yake, Mama, tuseme ukweli. Ni siku ile alinileta kwenye ile meza yako ya chini, wewe ukanisukumia sahani kabla hujaniuliza jina!" Alikuwa anacheka, au analia, au yote. "Sasa sikiliza. Juu ni mbili?"

"Juu ni mbili. Binti wa jimbo kasema namba ya juu ni ya kweli kwa juu."

"Basi Lukas atakaa juu. Tutakula juu."

Dolores akageuka, akalitazama jiko lake la rangi ya asali, plastiki, lesi, jiko la umeme linalong'aa. Ishirini na moja haikuwa imemtetemesha hivi.

"Juu? Unamaanisha... tupike humu?"

"Mama, ni jiko."

"Wakimwaga?"

"Tutapangusa!"

*

Jumapili, baada ya misa, watu kumi na wanne walipita mlango wa uani, wakapanda ngazi, wakaingia jiko la juu wamevua viatu kama wanaingia msikitini. Hakuna aliyethubutu kuegemea kitu. Shangazi mmoja alikunja mikono mgongoni kama yuko kwenye jumba la makumbusho. Greg alishika plastiki ya mezani, akamtazama mama yake, akasema, "Tayari?" Dolores akafumba macho kama ng'ombe anayechinjwa, akaitikia kwa kichwa. Plastiki ikatoka kwa mlio wa kupasuka, na watu wakapiga makofi. Lukas, aliyekuwa ndani ya kitanda cha baba yake chini ya dirisha, akashtuka, akatazama huku na huku, akapiga mwayo.

Dolores akaondoa kijitabu cha maelekezo kilicholala ndani ya oveni miaka yote hiyo, pamoja na maua ya plastiki na karatasi za zawadi za Krismasi. Akaingiza sinia la holupki. Akazungusha kitufe, akarudi nyuma hatua moja.

Kwanza ikaja harufu ya mafuta ya kiwandani. Kisha moshi mwembamba. Kisha moshi usio mwembamba.

"Ni oveni mpya, inaungua ungo!" mtu alipiga kelele. "Inavunja ungo!" mwingine akamsahihisha, na watu wakaangua kicheko. Hapo king'ora cha moshi kikapasuka darini, na Dolores, aliyekuwa amezuiwa kufungua madirisha tangu Jumatano, akayafungua yote kwa mpigo, akiimba matusi ya Kislovakia ambayo mtoto aliyebatizwa asubuhi hiyo hakupaswa kuyasikia. Greg akapanda kiti akakipunga king'ora kwa sahani. Renee alikuwa amekaa sakafuni kwa kucheka, mkono mmoja kwenye kitanda cha Lukas, na Lukas mwenyewe alikuwa ametulia, macho yamemtoka, kama mtu aliyekuja kuona sarakasi na hakupunjwa.

Ndipo wakasikia kishindo barazani.

Mlango wa mbele. Hakuna mgeni aliyejua ufunguo uko wapi. Ulikuwa nyuma ya picha ya Andrew. Dolores akauchukua, ukagoma, akausukuma kwa bega, mlango ukafunguka ukilia.

Stan Wargo alikuwa amesimama barazani na ndoo ya maji mikononi, amevaa suruali ya kulalia na fulana, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Mbwa alikuwa nyuma yake. Nusu ya maji ilikuwa imemwagikia tumboni.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto. Napika."

Wargo alichungulia ndani, akaona moshi, jiko la asali, watu kumi na wanne wanafuta machozi. Ndoo ikashuka taratibu. "Unapika *juu*?"

"Juu."

"Sasa nimeona kila kitu. Naweza kufa." Akajitazama alivyovaa, akaona mapazia ya mtaa mzima yamefunguka, akageuka. "Haya. Mtoto awe na heri. Fundi anakuja Jumanne saa mbili, usimcheleweshe."

"Unakwenda wapi?"

"Nazunguka uani. Nipite mlango wa chini kama watu, unipe sahani moja nikale kwangu."

"Chini hakuliwi mpaka Jumanne, na kiti chako nimekipandisha." Dolores alisogea pembeni, akaushikilia mlango wazi kwa kiuno, moshi wa holupki ukitoka kumpita na kwenda mtaani. "Iache ndoo hapo. Futa huo mguu. Ingia, Stan, chakula kinapoa."